Anayemwogopa Mgeni Asipulize Baragumu

Ndugu wasomaji, haya ninayoyaandika yatanikosanisha na baadhi yenu. Sawa tu. Afadhali tukosane kwa maandishi kuliko kupatana kwa unafiki.

Kisa chenyewe ni hiki. Jioni moja tulikuwa kijiweni, Kayanga, sisi vijana wa kalamu, kila mtu na daftari lake, tunatafuna kahawa na kusomeana kazi zetu. Mshikaji mmoja, ambaye simtaji kwa sababu bado ni mshikaji wangu, akasimama kutusomea shairi jipya. Shairi la baragumu. Eti baragumu la mababu wa Karagwe, safi, halijaguswa na mkono wa mgeni tangu dunia iumbwe. Eti litalia siku wote waliokuja watakaporudi walikotoka, tubaki wenyewe kwa wenyewe. Vina vimekaa, mizani imetimia. Watu wakapiga makofi mpaka mwenye duka akatoka nje kuangalia kuna nini.

Mimi sikupiga. Nilimwuliza swali moja tu: "Kaka, hilo baragumu lako atalitengeneza nani?"

Akacheka. Wenzake wakacheka. Kisha mmoja akasema mimi nina kasumba, mwingine akasema nina damu ya ng'ambo ya mto. Jibu la swali langu sikulipata mpaka tukaagana. Kwa hiyo nalijibu mwenyewe, humu humu gazetini, tena kwa urefu.

Tuanze na hilo baragumu lenyewe. Katika nchi hizi za maziwa makuu, vyombo vya kupuliza vya ikulu vilivyo maarufu ni makondere. Jina hilo, au linalofanana nalo, utalikuta Bunyoro, Toro, Ankole, Buganda na Rwanda. Kondere hutengenezwa kwa vipande vya vibuyu vilivyokatwa na kuungwa kimoja baada ya kingine, na hupulizwa kwa ubavuni, si kwa nchani kama tarumbeta. Na sikilizeni vizuri: kondere moja hutoa sauti moja tu, basi. Ili upate wimbo, unahitaji kundi zima, kila mtu na kondere lake la kimo chake, kila mtu anasubiri zamu yake, anatia sauti yake, ananyamaza. Mmoja asipokuja, wimbo una pengo.

Chombo cha namna hiyo hakiwezi kuwa mali ya kabila moja lililojifungia. Kilitembea. Kilitembea na wafalme, na wake walioolewa mbali, na mateka wa vita, na mafundi waliotafuta ikulu yenye ng'ombe wengi zaidi. Simulizi za Karagwe yetu zenyewe zinasema Ruhinda, aliyeanzisha ukoo wa Wahinda, alitoka kaskazini, upande wa Bunyoro. Maana yake nini, jamani? Maana yake mfalme wa kwanza wa ukoo huo alikuwa mhamiaji! Hakuonyesha kibali mtoni.

Novemba 1861 Mwingereza Speke alifika kwa Omukama Rumanyika, na katika kitabu chake cha mwaka 1863 akaandika habari za muziki alioukuta huku: ngoma nyingi, nanga, vyombo vya kupuliza. Na Rumanyika alikuwa mtoto wa nani? Wa Ndagara, mfalme ambaye simulizi humtaja kuwa mfua chuma, na ambaye jina lake linahusishwa na zile sanamu za ng'ombe wa chuma za hazina ya ikulu ya Bweranyange. Ndiyo, mfalme fundi. Hakuona haya kushika nyundo. Sisi wajukuu zake ndio tunaona haya kushika hata msumari. Tunataka kushika maikrofoni tu.

Mwaka 1963 sheria ikafuta utawala wa machifu nchini. Silaumu. Ila tuseme ukweli: wapulizaji wa ikulu walipoteza mwajiri, na sisi tuliojiita taifa jipya hatukuwapa mwingine. Mpulizaji akazeeka, fundi akazeeka, kijana akaenda kutafuta kazi mjini. Kwa hiyo ndugu mshairi, baragumu lako halikuuawa na mgeni. Tuliliacha lenyewe, juani, likapasuka.

Sasa nikupe ushahidi wa nyumbani.

Nilipokuwa shule ya msingi, huko ambako sasa ni wilaya ya Kyerwa (enzi hizo yote ilikuwa Karagwe, Kyerwa ilikuja kugawanywa mwaka 2012), shuleni kwetu tulikuwa na tarumbeta nne kuukuu za msaada. Vali zikikwama, hakuna wa kuzikwamua. Mwalimu alikuwa anazifungia kabatini kama maiti zinazosubiri ndugu. Akatokea mzee mmoja wa jirani, fundi baiskeli. Alikuwa ametoka ng'ambo ya mpaka miaka mingi kabla sisi hatujazaliwa. Kwao alikuwa mpulizaji, mpulizaji hasa, wa bendi. Kwetu hapakuwa na bendi ya kumlipa, akawa anaziba pancha.

Mzee yule alizitoa tarumbeta kabatini. Akazichemshia maji, akazisugua kwa majivu laini, akanyoosha palipobonyea kwa kijiti cha mti mgumu alichokichonga mwenyewe, akalehemu palipotoboka. Tatu zikalia. Ya nne akasema, "Hii imekufa, lakini mifupa yake itatusaidia." Baadaye akaanza kututengenezea watoto vijipembe vya vibuyu, kila kimoja na kimo chake. Mimi nilipewa kile kifupi. Nilikuwa nawahi zamu yangu kila siku, naye alikuwa ananiambia, "Mjukuu wangu, kupuliza ni kusikiliza. Tulia."

Mwezi wa 7 mwaka 2013 likatoka agizo: wahamiaji wasio na vibali waondoke katika wiki mbili. Mwezi wa 9 ikaja Operesheni Kimbunga, Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu walivuka mipaka, wengine wakiwa na watoto waliozaliwa hapa, wengine wakiacha mashamba yenye mavuno. Mzee yule hakungoja kukamatwa. Aliondoka alfajiri, na baiskeli na mfuko mmoja. Kijiti chake cha kunyooshea alimwachia mama, akasema nipewe mimi.

Na mimi nilifanya nini? Nitasema, kwa kuwa nisiposema nitakuwa mnafiki kama wengine. Siku ile pale dukani watu walikuwa wanasema "waende zao, wametujazia nchi", nami nilicheka pamoja nao. Nilikuwa kijana, nilitaka kuonekana mwenzao. Tarumbeta tatu zikarudi kabatini. Kijiti ninacho mpaka leo. Hiyo ndiyo sababu siku ile kijiweni mikono yangu ilikataa kupiga makofi.

Mtaniambia: mzee mmoja fundi baiskeli, hoja gani hiyo ya kuandikia? Haya. Wale wanaoamini jambo mpaka litoke ng'ambo ya bahari, nawapeleka ng'ambo ya bahari. Nataka mumwone mpulizaji mhamiaji aliyeachwa akae, muone alichokifanya.

Mwaka 1890, Baden, karibu na Vienna huko Austria, alizaliwa mtoto aliyeitwa Vincent Schrotenbach. Alisomea uhandisi wa mitambo. Wazazi wa siku hizi wangemwambia, "Mwanangu, umeshapata kazi, tulia." Hakutulia. Akaacha uhandisi akashika tarumbeta, akakata jina lake likawa fupi la jukwaani, Bach, akazunguka Ulaya akipuliza. Agosti 1914 vita kuu vikazuka akiwa Uingereza. Kwa sababu ya pasipoti yake, jana alikuwa msanii, leo akawa adui. Hakumpiga mtu risasi. Alipuliza tu. Akapanda meli kukimbilia New York. Inasimuliwa kwamba aliteremka na dola tano mfukoni.

Akamwandikia barua kiongozi wa okestra ya Boston, Karl Muck, akapata kiti cha tarumbeta. Kama angeishia hapo, leo nisingemtaja. Wapulizaji wazuri ni wengi na pumzi zao zimeondoka nao. Lakini Bach alipata balaa moja la heri. Inasimuliwa kwamba fundi aliyempa kidomo cha tarumbeta yake akirekebishe alikiharibu. Kidomo ni kile kipande kidogo ambacho mpulizaji anakibandika midomoni. Ni kidogo, unakificha kiganjani. Lakini kingo zake zikiwa pana kidogo zaidi, au shimo lake likiwa na kina kidogo zaidi, sauti ni nyingine na midomo inachoka kwa namna nyingine.

Sasa hapo ndipo penye somo. Mtu mwingine angelia, angeandika shairi la kumlaani fundi. Bach alikumbuka kwamba alisomea mitambo. Mwaka 1918 akanunua kerezo, ile mashine inayozungusha chuma wakati wewe unakichonga, tena ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani. Akaiweka chumba cha nyuma cha duka la vyombo vya muziki New York, akaanza kuchonga vidomo. Wapulizaji wenzake wakavijaribu, wakavitaka. Akaajiri watu. Mwaka 1924 akaanza kutengeneza tarumbeta nzima. Aliendelea mpaka mwaka 1961, alipoiuza kampuni yake kwa Selmer, akiwa na miaka 71. Akafa mwaka 1976. Jina lake bado limechongwa kwenye tarumbeta zinazouzwa leo, na wapulizaji wengi ambao hawajui hata alizaliwa wapi huziita tu "Bach", kama vile wewe unavyotaja jina la baiskeli yako.

Mnaona tofauti? Mpulizaji mmoja hujaza ukumbi mmoja kwa usiku mmoja. Mpulizaji aliyegeuka fundi anajaza kumbi asizoziona, kwa midomo ya watu asiowajua. Na alikuwa mgeni, mwenye lafudhi, mwenye pasipoti ya upande wa adui.

Najua mnachotaka kusema. "Ahaa! Ndiyo maana twakuambia una kasumba, unatusifia Marekani." Taratibu, bwana. Siisifii. Mwaka ule ule wa 1918 Bach aliponunua kerezo, Karl Muck, yule aliyempa kazi, alikamatwa kama adui akafungwa kambini Georgia, na mwaka 1919 akaondoshwa nchini. Nao walikuwa na kimbunga chao! Na mwaka ule ule wa 1924 Bach alipoanza kutengeneza tarumbeta, bunge lao lilipitisha sheria ya kubana wahamiaji kwa kuhesabu wametoka taifa gani. Kwa hiyo Bach hakupona kwa sababu Marekani ni nchi ya malaika. Alipenya kabla mlango haujafungwa. Jiulizeni ni akina Bach wangapi waliobaki nje ya mlango ule. Majina yao hatuyajui, na ndilo jambo linalonikera: aliyefukuzwa kabla hajatengeneza kitu hana hata jina la kulalamikiwa.

Na wala hatuna haja ya kwenda Marekani kujifunza utu. Mwaka 1980, enzi ya Mwalimu, nchi hii hii iliwapa uraia wakimbizi wa Kinyarwanda takriban 36,000. Tulikuwa maskini, tumetoka vitani na Idi Amin juzi tu, foleni za sukari na sabuni kila mahali. Tukawapa. Kwa hiyo anayeniambia kwamba moyo wa kukaribisha ni mambo ya Wazungu, historia ya nchi yake haijui.

Sisemi mpaka uachwe wazi kama zizi bovu. Sijakaa Kagera kwa macho yaliyofumba. Najua habari za ujambazi wa barabarani, najua migogoro ya malisho, najua mwaka 1994 wakimbizi walivyoingia kwa wingi na misitu ilivyokatwa kwa kuni. Mwizi ashughulikiwe kama mwizi. Ninachokataa ni hesabu ya kijinga inayomweka mwizi wa ng'ombe na fundi wa tarumbeta katika lori moja kwa sababu wote wanatamka neno fulani kwa lafudhi. Serikali inayoweza kuhesabu ng'ombe inaweza kumwuliza mtu aliyekaa miaka 30, "Mzee, wewe unafanya kazi gani hapa, na nani anakutegemea?" Swali hilo moja lingembakiza mzee wangu.

Sasa nawarudia nyinyi, waandishi wenzangu, maana serikali haisomi gazeti letu.

Tatizo letu ni kwamba sote tunataka kupuliza. Kila mtu anataka jukwaa. Mwenye shairi moja anatafuta kamera, mwenye hadithi mbili anajiita mwandishi mkongwe. Nani kati yetu amekaa na mzee wa Kinyambo akaandika majina ya sehemu za kondere, namna ya kuchagua kibuyu, kinakaushwa vipi, kinaungwa kwa kitu gani, kinafungwa kwa ngozi gani? Tunaandika "baragumu la mababu" kwa sababu neno linapendeza kwenye kina. Hatujui lina uzito gani mkononi. Huo si utamaduni, ndugu zangu, huo ni urembo wa maneno.

Na malighafi tunayo miguuni! Kyerwa kuna bati. Wachimbaji wadogo wanachimba, bati linapakiwa linaondoka. Mnajua bati linafanya nini duniani? Pamoja na mengine, linaingia katika lehemu inayounganisha vyuma, na tarumbeta imeungwa kwa lehemu. Basi siku ikifika shuleni kwenu tarumbeta ya msaada, mtoto anaipokea kwa mikono miwili, tunapiga picha, tunashukuru wafadhili. Inawezekana kabisa katika mishono yake kuna chembe ya ardhi ya babu yake, na hakuna wa kumwambia. Vali ikikwama, kabatini. Tunasubiri msaada mwingine.

Mtasema hatuna mtaji. Nami nauliza: kerezo la kukanyaga kwa mguu ni mtaji wa ajabu gani? Mafundi wetu wa Omurushaka wanatengeneza majiko, milango, na vipuri vya pikipiki ambavyo mwenye kiwanda angevishangaa. Mikono ipo. Kinachokosekana ni mpulizaji wa kumwambia fundi, "Hapa sauti inakwaruza, punguza kidogo." Bach alikuwa watu hao wawili katika mwili mmoja. Mzee wangu naye alikuwa watu hao wawili. Huyo mmoja tuliyejaliwa kumpata, tukamwacha avuke mto na mfuko mmoja.

Kuna somo la kalamu pia, nalisema kwa ufupi nisije nikaonekana nahubiri. Kiswahili tunachoandikia nacho kilitembea kama makondere. Huku Karagwe kilipanda na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani, wageni watupu, mababu zetu wakakipokea wakakitia sauti zao. Mwenye shairi la kufukuza wageni ameliandika kwa lugha ya wageni! Angekuwa mkweli angelisoma kwa Kinyambo, na hata hapo ningemwuliza kila neno lilitoka wapi.

Kwa hiyo, mshikaji wangu, nakujibu kwa heshima zote. Shairi lako lina vina vizuri, lakini ni la uongo, na uongo wenye vina unasafiri mbali kuliko uongo mkavu. Kijana mmoja akilikariri, siku ya operesheni nyingine atakuwa pale dukani akicheka, kama nilivyocheka mimi.

Nakupa masharti, na hayana ugumu. Njoo nyumbani Jumamosi. Vibuyu ninavyo viwili, vimekauka vizuri. Kisu ninacho, na kijiti cha mzee ninacho. Sote wawili hatujui kazi hii, kwa hiyo tutaharibu kimoja kwanza. Tukifanikiwa kutoa sauti moja, moja tu, ndipo ukae chini uandike upya shairi lako la baragumu. Na ukifika kwenye ule mstari wa mkono wa mgeni, uniangalie usoni kabla hujausoma.

Naomba kutoa hoja.